Diski Hewa

Ijumaa moja saa kumi na moja jioni, mhasibu wa ofisi niliyokuwa nikiihudumia alinipigia kuniambia mfumo wa ankara umeganda. Nikaingia kwenye mashine yake, nikaandika df, amri ya kuuliza diski imetumika kiasi gani, nikasoma: asilimia 41 imetumika. Nafasi tele. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba hilo ni la mtandao, ajaribu tena baada ya dakika tano. Kabla dakika tano hazijaisha mashine ya pili ikaganda, ikafuata ya tatu, mpaka zikafika kumi na moja, na kila moja ilikuwa ikiapa kwamba diski yake haijafika hata nusu.

Zote zilikuwa mashine pepe, kompyuta za kufikirika ndani ya seva moja. Nilipoteremka hadi kwenye seva hiyo iliyozibeba na kuandika lvs, amri ya kuonyesha nafasi halisi iliyo chini yao, safu ya Data% ilikuwa imesimama kwenye 100.00.

Tanzania tuna neno la jambo hili, ingawa tulilizoea kwa kitu kingine. Mfanyakazi hewa ni yule aliyemo kwenye orodha ya mishahara na hayumo kazini. Mashine zangu kumi na moja zilikuwa na diski hewa: zimesajiliwa, zina ukubwa ulioandikwa, zina mafaili ndani, ila sehemu kubwa ya ukubwa huo haikuwahi kuwepo popote duniani. Na aliyezisajili ni mimi mwenyewe.

Mbinu iliyoniwezesha mafundi huiita thini. Hapa nitaiita mgao mwembamba, japo najua kwa mtu wa Dar es Salaam neno mgao lina giza la umeme ndani yake.

Zamani LVM, meneja wa volyumu (vipande vya diski vinavyoonekana kama diski kamili) wa Linux ulioandikwa na Heinz Mauelshagen mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kufuata mfano wa HP-UX, ilifanya biashara ya taslimu. Ukiiomba volyumu ya gigabaiti 100, inakata vipande 25,600 vya megabaiti nne nne kutoka kwenye diski halisi na kukukabidhi, uvitumie usivitumie. Vikiisha inakataa papo hapo, kabla hujaweka faili hata moja. Mgao mwembamba uliigeuza biashara hiyo kuwa ya mkopo. Unatengeneza bwawa moja la pamoja, kisha juu yake unachora volyumu za ukubwa wowote unaoupenda. Kipande halisi hakitoki bwawani mpaka mtu aandike kitu mahali hapo kwa mara ya kwanza.

Mazingaombwe haya hayakuanzia Linux. Kampuni ya 3PAR iliyauza ndani ya makabati yake ya diski tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na yalikuwa na soko kiasi kwamba mwaka 2010 HP na Dell waligombea kuinunua hadharani, HP ikashinda kwa zaidi ya dola bilioni 2. Yalipoingia kwenye kerneli, kiini cha Linux, toleo la 3.2, Januari 2012, kwa kazi ya Joe Thornber na wenzake wa Red Hat, kilichokuwa cha wenye makabati kikawa cha kila mwenye seva ya mtumba.

Ninachodai ni kwamba LVM ilipewa siku hiyo uwezo wa kuahidi bila kupewa uwezo wa kukataa. Msimbo wa kugawa vipande ni mzuri, tena mzuri sana. Kilichobaki nyuma ni njia ya habari mbaya kumfikia mtu anayeweza kufanya kitu.

Tuanze na uzuri wake, maana bila huo mtu ataniuliza kwa nini bado naitumia. Watu hudhani faida kubwa ya mgao mwembamba ni kuokoa nafasi. Kwangu mimi faida kubwa ni snapshoti, yaani picha ya volyumu jinsi ilivyokuwa wakati fulani. Snapshoti za LVM ya zamani zilikuwa adhabu. Kila moja ilihitaji kiwanja chake cha pembeni, na kila ulipoandika juu ya kipande cha asili kwa mara ya kwanza, kipande cha zamani kilinakiliwa kwenda kwenye kiwanja cha kila snapshoti. Ukiwa nazo tano, uandishi mmoja unazaa nakala tano. Na kiwanja kikijaa, snapshoti nzima inabatilika. Nimewahi kupoteza bekapu ya usiku kwa namna hiyo, saa tisa alfajiri, kwa sababu mtu alikuwa anapakia picha za harusi.

Kwenye bwawa, snapshoti ni ukurasa mpya tu kwenye daftari, ile orodha ya kipande gani ni cha nani. Volyumu ya asili na snapshoti yake huelekeza kwenye vipande vilevile, na daftari linahesabu kila kipande kina wenyewe wangapi. Kinachoandikwa upya ndicho kinachopewa kipande kipya. Unaweza kupiga snapshoti ya snapshoti ya snapshoti bila mashine kukohoa. Daftari lenyewe ni mti ambao haufuti ukurasa wa zamani mpaka mpya umeshaandikwa salama, kwa hiyo umeme ukikatika katikati unarudi kwenye hali ya mwisho iliyokamilika. Aliyebuni hivi alikuwa anajua anachofanya.

Lakini daftari nalo lina ukubwa. Kanuni inayotumika kulikadiria ni baiti 48 kwa kila kipande. Ukichagua vipande vidogo kuliko vyote, vya kilobaiti 64, terabaiti moja ina vipande zaidi ya milioni 16, na daftari lake linafika megabaiti 768. Haliwezi kuzidi takriban gigabaiti 16 hata ukiwa na diski za kujaza godauni. Wengi huitazama Data% na kuisahau safu ya jirani, Meta%, nayo ndiyo yenye kisasi. Bwawa la data likijaa unaongeza diski na kazi inaendelea. Daftari likijaa, bwawa linafungwa liwe la kusomwa tu, na halifunguki mpaka likaguliwe kwa thin_check, na siku ikiwa mbaya zaidi, lifanyiwe thin_repair. LVM huficha volyumu moja ya akiba, yenye jina linaloishia na pmspare, kwa ajili ya siku hiyo. Mtu akikuambia ameifuta ili kuokoa megabaiti kadhaa, mnunulie soda kwanza ndipo umweleze.

Sasa tuje kwenye kujaa kwenyewe. Bwawa likiisha, mwanzoni hakuna kosa lolote linalotangazwa. Kerneli inashika maandiko yote mkononi na kusubiri, kwa kawaida sekunde 60, ikitumaini kwamba kuna mtu anaongeza nafasi. Ndiyo maana mashine zangu ziliganda badala ya kulalamika. Sekunde hizo zikipita, maandiko yanarudishwa na kosa. Na kwa wenye mashine kosa hilo linakuja na sura ya diski mbovu, si sura ya "nafasi imekwisha". Mfumo wa mafaili ulishahesabu nafasi yake ukaridhika. Programu iliyo juu yake ilishaambiwa faili limepokelewa. Ahadi zilikuwa zimepangwa ghorofa tatu, na iliyovunjika ni ya chini kabisa.

Mwaka 2018 wasanidi wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua kwa mshtuko kwamba kwenye Linux, fsync, ombi la kuhakikisha data imefika diskini, ikishindwa kisha ikarudiwa, jaribio la pili linaweza kurudi na jibu la mafanikio ilhali data ilishatupwa. Februari 2019 wakatoa matoleo ambayo hifadhidata hujiua yenyewe pale fsync inaposhindwa, kisha ikajijenga upya kutokana na kumbukumbu za miamala. Ni uamuzi mkali na naukubali. Hawakuwa wanazungumzia mgao mwembamba peke yake. Diski inaweza kushindwa kwa mengi. Ila bwawa lililojaa ni njia rahisi kuliko zote ya kuifikisha hifadhidata nzima mahali hapo, bila diski yoyote kuharibika.

Kuna wanaosema: lakini LVM inaonya. Ndiyo, inaonya. Ukitengeneza volyumu inayozidi bwawa, inachapisha kwamba jumla ya ukubwa wa volyumu zako imepita ukubwa wa bwawa, na kwamba hujawasha ulinzi dhidi ya bwawa kujaa. Kisha inakupa ulichoomba. Tazama onyo hilo linatolewa lini na kwa nani. Linatolewa siku ya kwanza, wakati bwawa ni tupu na hakuna hatari yoyote, kwa mtu anayeandika amri kwa mkono. Siku hizi nani anaandika kwa mkono? Volyumu zinatengenezwa na kitufe kwenye kivinjari, na onyo linaishia kwenye logi ya programu iliyoajiriwa kutojali maonyo.

Siku ya hatari yenyewe mpangilio ni huu. Kerneli haijui kuongeza bwawa. Inachojua ni kupaza sauti nafasi inapopungua. Anayesikiliza ni dmeventd, programu ndogo inayokesha. Inaweza kulikuza bwawa yenyewe, ukiiruhusu, kwa kuweka thin_pool_autoextend_threshold, asilimia ya kuanzia kukuza, ndani ya faili la mipangilio, lvm.conf. Thamani yake ya kiwandani ni 100, na 100 maana yake ni usifanye kitu. Mlinzi ameajiriwa, amepewa filimbi na tochi, halafu ameambiwa akae kwenye kiti. Ataandika kwenye kitabu chake kwamba ameona moshi kwenye asilimia 80, na kitabu hicho kiko kwenye seva ambayo hakuna aliyeifungua tangu Machi.

Sitaki kuwa mkali kupita kiasi hapa. Wasanidi wa LVM wana sababu: programu isichukue diski ya mtu bila kuambiwa. Na hata ukiiwasha, inakuza bwawa kutoka kwenye nafasi iliyobaki ndani ya kundi la volyumu, yaani diski zote ilizokabidhiwa LVM, na mafundi wengi, mimi nikiwemo wakati ule, huligawia bwawa kila kitu siku ya kwanza. Mlinzi anaamka, anakimbilia kisimani, anakuta kisima ndicho hicho kinachoungua.

Jioni ile nilifanya anachofanya kila mtu: nikaanza kufuta. Nilifuta logi za zamani, nikafuta bekapu za mwaka juzi, nikafuta video ya semina ambayo bado naamini hakuna aliyeitazama. Ndani ya mashine df ilishuka kutoka 41 hadi 30. Bwawa halikusogea hata nukta. Kufuta faili ni kulifuta kwenye daftari la mfumo wa mafaili. Bwawa halijui mpaka liambiwe kwa amri ya fstrim au kwa njia inayofanana nayo, na ombi hilo linapita tu kama diski pepe imewekwa ikubali kulipitisha. Zangu hazikuwa zimewekwa hivyo. Na hata zingewekwa, vipande vingi vilikuwa vimeshikwa na snapshoti za wiki nzima, zile zile nilizozisifu hapo juu. Mkopo uliokuwa mwepesi kuuchukua haukuwa na dirisha la kurudishia.

Kwa nini nasema kasoro hii si ya lazima? Kwa sababu wengine waliokutana na jambo hilohilo waliweka mahali pa kukataa.

Docker, programu ya kuendesha konteina (programu zilizofungashwa na kila zinachohitaji), ndiyo mfano ninaoukumbuka vizuri, kwa kuwa uliniumiza. Toleo la 0.7 la mwishoni mwa 2013 lilileta uwezo wa kuhifadhi konteina juu ya mgao mwembamba, ili ifanye kazi kwenye Red Hat ambayo haikuwa na AUFS, mfumo wa mafaili ambao Docker iliutegemea hapo mwanzo. Usipoweka chochote, ilijitengenezea bwawa la gigabaiti 100 juu ya faili ambalo nalo ni hewa. Hewa juu ya hewa. Watu walilia sana. Baadaye wakaongeza mpangilio wa dm.min_free_space: nafasi huru ikishuka chini ya asilimia 10, Docker inakataa kuanzisha konteina mpya, na zilizopo zinaendelea kuhema. Njia hiyo nzima ya kuhifadhi imeshazikwa, ilitangazwa kuachwa mwaka 2018 na kuondolewa kabisa kwenye toleo la 25, lakini lile katazo la asilimia 10 lilikuwa akili ya mtu mzima.

ZFS, mfumo mwingine wa kuhifadhi data, ina desturi ya kinyume: ukitengeneza volyumu bila kusema zaidi, inatenga ukubwa wake wote, anayetaka hewa lazima aiombe kwa mkono. Cinder, sehemu ya kugawa diski ndani ya OpenStack, programu ya kuendesha wingu, inakubali uahidi kuliko ulicho nacho, lakini ina kikomo cha uwiano, hata kama kikomo chenyewe cha kiwandani, mara 20, kinanifanya nicheke. Na Linux hiyohiyo kwenye kumbukumbu ya RAM inaruhusu kuahidi zaidi ya kilichopo, ila inakupa mpangilio wa vm.overcommit_memory, na ukiuweka 2, ombi linalozidi hesabu linakataliwa mlangoni. Tena kwenye RAM kuna jambo ambalo diski haina. Mambo yakiharibika kabisa kerneli huchagua mchakato mmoja na kuuua ili wengine waishi. Kwenye bwawa la diski huwezi kumuua mmoja. Alichoandika kinabaki hata akifa, na waliobaki wanakosa nafasi pamoja naye.

Mfano unaonikera kuliko yote ni Stratis, programu ya kusimamia hifadhi, kwa sababu inatoka nyumba moja na LVM, Red Hat, na chini yake imekaa juu ya msimbo uleule wa mgao mwembamba. Toleo la 3.1, mwaka 2022, liliongeza swichi inayoitwa no-overprovision. Ukiiwasha, bwawa halikubali kuahidi kuliko lilicho nacho. Swichi moja.

Najua jibu la mafundi: ukikataza kuahidi kupita kiasi umeua snapshoti, kwa kuwa kila snapshoti inaweza siku moja kuandikwa upya yote, na hesabu ya kweli ingetaka kila moja itengewe ukubwa wake kamili. Ni kweli, na ndiyo sababu sitaki katazo kamili liwe desturi. Ninachotaka ni LVM iniulize namba. Mara moja na nusu? Mara tatu? Mwenye kuandika tatu amekaa akafikiri kwa sekunde kumi, na hizo ni sekunde kumi zaidi ya nilizofikiri mimi. Kuna pia kazi ya kina zaidi inayohitajika: mwaka 2022 wahandisi wa ChromeOS walipeleka kwa wasanidi wa kerneli pendekezo la aina mpya ya ombi, ambalo mfumo wa mafaili ungelitumia kuliambia bwawa "hapa nitengee kweli". Fallocate, ombi la programu la kutengewa nafasi ya faili, ambayo kazi yake yote ni kutenga, huishia ghorofa ya juu, haiteremki.

Na kwetu kuna hesabu ambayo vipeperushi vya wauzaji havikuiandika. Mgao mwembamba uliuzwa kwa hoja kwamba usinunue diski leo, nunua utakapoihitaji, bei itakuwa imeshuka. Hoja hiyo ni ya mtu ambaye diski inamfikia kesho. Hapa kwetu diski inasubiri dola, inasubiri meli au ndege, inasubiri forodha. Na ofisi ya umma, Tanzania, Kenya au Uganda, ina mwaka wa fedha unaoanza Julai, kwa hiyo haja iliyojitokeza Novemba ina safari ndefu. Kiwango cha onyo tumezoea kukiandika kwa asilimia, wakati hasa ni kalenda. Bwawa likikua kwa asilimia moja kwa siku na diski ikichukua siku 45 kufika, kengele ya asilimia 80 imechelewa kwa siku 25. Ilipaswa kulia kwenye 55. Sijakutana na mfumo hata mmoja wa kazini ambao mtu alikuwa ameiweka 55, na nikipendekeza naonekana mwoga.

Ijumaa ile iliisha saa saba usiku. Tulichomoa diski kwenye seva ya majaribio, tukaiingiza bwawani kwa amri za vgextend na lvextend, na bwawa likafunguka. Mashine kumi ziliamka zikiwa na majeraha madogo. Ya kumi na moja, ile ya ankara, ilirudishwa kutoka kwenye bekapu ya Jumatano, na mhasibu aliziandika upya ankara za siku mbili kutoka kwenye karatasi bila kunisemesha.

Siku hizi kila kundi la volyumu ninalotengeneza lina volyumu nene, ya taslimu kama zamani, ya gigabaiti 200 isiyo na kitu ndani. Nimeipa jina akiba. Ikifutwa, nafasi yake inarudi kwenye kundi, na bwawa linapata pa kukulia wakati diski iko njiani. Nimeombwa mara tatu niitoe kwa ajili ya mashine mpya, nikakataa mara zote tatu. Nimeifuta mara moja tu, Jumapili moja usiku, bwawa likiwa kwenye asilimia 97. Jumatatu asubuhi mhasibu alifungua ankara zake kama kawaida.